Thumni ya Kibiongo

Baleni, Mafia
20 Mei 2023

Mzee Damian, shikamoo.

Ni mimi Biubwa, mke wa Shamte. Yule uliyemwachia lile pikipiki kubwa la mradi ulipohama Mafia. Hapa Baleni tunamwita Kibiongo, kwa ile nundu ya tangi.

Shamte amekufa. Alipanda mnazi, wa mtu, si wetu. Mimi nilikuwa chini, nafua nazi kwenye ncha ya kifuo changu. Nikasikia kitu kimeanguka. Nikajua si nazi.

Sasa nimekaa eda. Sitoki, na wanaume hawaingii. Nilitaka nikupigie simu, nikakumbuka masikio yako yameliwa na injini na meseji huioni. Basi naandika herufi kubwa. Niliishia darasa la nne, nivumilie. Barua anaibeba Sadick wa boti ya Nyamisati, akifika bara ataipakia basi la Kusini.

Shida ni hii. Taufiki, kaka yake Shamte, mwenye duka Kilindoni, anamtaka Kibiongo. Anasema tutamgawa. Mimi simtoi. Tangu nimeolewa nafua nazi za watu na kubeba nazi za watu kwa kichwa. Nataka nibebe kwa pikipiki, nipeleke mjini mwenyewe.

Kuendesha najua. Shamte alinifundisha shambani, kati ya minazi. Hakuna anayejua. Na wewe nyamaza.

Niambie huyu Kibiongo yukoje ndani. Wakija kugawa nijue cha kushika. Na jambo jingine. Shamte kila akiwasha alikuwa anamshika shingo hapo chini ya usukani, anatulia, ndiyo anaondoka. Nikawa namtania, unambembeleza kama mke mdogo. Alikuwa anafanya nini?

Biubwa

---

Kilindoni
29 Mei 2023

Shemeji Biubwa,

Assalaam aleikum. Kwa kuwa uko edani sitaki mazungumzo ya dirishani, watu wana midomo. Nimeona nikuandikie.

Mazishi nimesimamia mimi, khitma nimesimamia mimi, sisemi ili unishukuru. Sasa ni mirathi. Marehemu hakuacha shamba. Nyumba iko kwenye kiwanja cha kwenu, siigusi. Kimebaki pikipiki. Sheria iko wazi: wewe mke una thumni, sehemu moja katika nane. Binti yenu Aziza ana nusu, na kwa kuwa ni mtoto, nusu yake nitaishika mimi ami yake mpaka akue. Kinachobaki ni changu.

Guta langu la nazi, lile la magurudumu matatu, limekufa injini. Injini ya Kibiongo itaingia humo. Wewe chagua kipande kiwe thumni yako. Taa, tangi, siti, hata magurudumu yote mawili, mimi si mtu wa roho mbaya. Nijibu kwa maandishi.

Taufiki

---

Ndanda
4 Juni 2023

Mwanangu Biubwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ah, nimesahau naandika Baleni. Assalaam aleikum. Marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda kukaa. Shamte! Niliwafundisha vijana wengi pikipiki pale mradini, wengi walitaka kukimbia tu. Yule alitaka kujua. Pole sana, mama.

Sasa sikiliza. Bodaboda zote unazoziona barabarani oili yake inakaa chini, kwenye tumbo la injini. Kibiongo tumbo lake kavu. Oili yake inakaa ndani ya fremu. Lile bomba nene linaloshuka kutoka shingoni ndilo ghala lake. Mpira mmoja unaishusha oili kwenye injini, mpira wa pili unairudisha juu. Inakwenda ya baridi, inarudi ya moto, inapoa ndani ya bomba, inakwenda tena. Watu wakitazama wanaona mifupa. Si mifupa. Injini bila fremu ile ni sufuria lisilo na maji juu ya moto.

Ukiambiwa chagua, chagua fremu.

Na huko kushika shingo nilimfundisha mimi. Masikio yangu yalipoanza kufa nikawa siisikii injini vizuri, nikajifunza kuisikia kwa mkono. Oili ya moto ikirudi, shingo inapata joto. Ikibaki baridi, zima, usiende popote. Shamte masikio yake yalikuwa mazima, lakini aliendelea kushika. Kwa hiyo labda na kubembeleza kulikuwamo.

Mzee wako,
Damian

---

Baleni
12 Juni 2023

Shemeji Taufiki,

Waaleikum salaam.

Nimechagua. Nataka fremu, na kila kilichofungwa kwenye fremu injini ikishatoka. Hiyo ndiyo thumni yangu.

Injini mimi sitaki itoke. Ila mimi niko ndani, wewe uko nje na una spana. Najua utaitoa. Basi nakwambia mapema usije kusema hukuambiwa. Oili ya injini hiyo inakaa kwenye fremu. Ukiitenga na fremu ukaiwasha, utaiua. Na nusu yake ni ya Aziza.

Kwa mazishi ahsante. Hilo nasema kwa moyo.

Biubwa

---

Kilindoni
24 Juni 2023

Shemeji,

Barua yako nimeisoma dukani nikacheka mpaka mteja akaniuliza kuna harusi gani. Umewekewa nyama ukachagua mfupa! Oili ndani ya bomba? Na petroli inakaa wapi, ndani ya kiti?

Fundi Jumanne anasema fremu yoyote ni tupu ndani, hata ya baiskeli. Jana kama ulivyosikia tumeitoa injini salama. Ilikuwa na mipira miwili inaning'inia haina kazi, Jumanne ameiunganisha huu na huu, basi, hakivuji kitu. Leo guta limekwenda Kiegeani na kurudi. Linanguruma mpaka vioo vya duka vinatetemeka.

Fremu ni yako na magurudumu yake, kwangu hayafai. Anika nguo juu yake. Idi njema, na Aziza mpe mkono wa Idi.

Taufiki

---

Baleni
26 Juni 2023

Mzee Damian, shikamoo.

Wameichukua injini. Walikuja Ijumaa baada ya sala. Taufiki kasimama barazani kanisalimia kwa adabu zote, kisha bandani zikaanza kulia spana. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia kila bolti inavyolegea.

Walipovuta mipira, oili ikamwagika. Nikamsikia Jumanne, "Alaa! Tajiri, fremu inatoka damu!" Taufiki kamwambia, "Futa tuondoke." Hawakuuliza imetoka wapi. Kuku wangu wamepita juu yake, mpaka leo wana miguu myeusi.

Walipoondoka nikaita wanawake. Mimi, Mwanahalima jirani yangu na Mwanaharusi dada yake tukaibeba fremu tukaiingiza chumbani. Iko kando ya kitanda, upande aliokuwa analala Shamte. Mwanahalima kaniambia, "Shoga, umeolewa na chuma." Nikamjibu hiki angalau hakipandi mnazi.

Taufiki kaandika injini iko kwenye guta lake, na mipira Jumanne ameiunganisha huu na huu. Itakwenda mpaka lini?

Biubwa

---

Ndanda
5 Julai 2023

Mwanangu Biubwa,

Huu na huu? Bwana wee. Nimekaa gereji maisha yangu yote, sijaliona hilo.

Itakwenda kidogo. Oili ile kidogo iliyobaki itajizungukia yenyewe kwa yenyewe, haipoi. Siku atakayoipakia mzigo mkubwa na jua kali, itasimama. Mwambie tena. Najua hatasikia, mwambie tu.

Wewe fanya jambo moja leo leo. Pale mipira ilipong'olewa, fremu ina matundu. Yazibe kwa kitambaa safi, kisukume ndani kikaze. Mchanga wa Baleni naujua. Ukiingia humo, hata injini ikirudi tutaiua sisi wenyewe.

Damian

---

Kilindoni
21 Julai 2023

Biubwa,

Guta limesimama katikati ya soko. Nazi juu, moshi chini, na watu duara. Wavulana wa samaki wananiita Taufiki Moshi. Mtu mzima mimi.

Jumanne anasema imenoki, imekwama ndani, na sasa ndiyo anasema kumbe fremu lazima. Nitatuma watu waje waichukue. Kama ulijua, ungenieleza vizuri, si kuniandikia mafumbo.

Usiponipa fremu, injini naiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na usijidanganye na eda, eda ina mwisho wake. Siku utakayotoka wewe humo ndani, ndiyo siku nitakayoingia mimi.

Taufiki

---

Baleni
23 Julai 2023

Taufiki,

Nilikwambia. Katazame barua yangu, kama hujaifungia mtu sukari. "Ukiitenga na fremu ukaiwasha, utaiua." Fumbo liko wapi hapo?

Fremu hupati. Ni thumni yangu, umenipa kwa mkono wako na ukanicheka juu. Iko chumbani kwangu. Mwanamume gani ataingia chumbani kwa mwenye eda kubeba chuma? Mlete. Nimtazame uso.

Unasema utauza injini chakavu. Nusu yake ni ya Aziza, uliandika mwenyewe kwamba unamshikia. Hivyo ndivyo anavyoshikiwa yatima? Wewe unasali safu ya mbele, mimi sikusoma. Lakini hili Baleni nzima inalijua, hata mlevi analijua: anayekula mali ya yatima anakula moto. Uza. Halafu Ijumaa simama msikitini useme, "Nusu ya mtoto wa mdogo wangu nimeiuza kwa kilo."

Irudishe kama ilivyo. Sehemu yako sikunyimi. Kibiongo akitembea, nazi zako nitakubebea, sehemu yako utaila kwa safari. Foleni utapanga kama watu.

Ndiyo, nitabeba mimi. Nitaendesha mwenyewe. Soma tena kama umeruka mstari.

Biubwa

---

Kilindoni
4 Agosti 2023

Biubwa,

Wewe? Juu ya dubwana lile? Mwanamke wa Baleni na kanga yake? Haya.

Ijumaa imamu kanishika mkono baada ya sala, hakuuachia, akaniuliza habari za Aziza. Anakula vizuri? Anasoma? Vitu vyake viko wapi? Sijui nani kampelekea maneno, na wala sitaki kujua. Sudi wa dukani kwangu anakuletea injini kwa mkokoteni. Imekufa, lakini ichukue. Mimi nimenawa mikono.

Neno moja, na barua hii uichome. Injini za guta zinauzwa Dar, ningeagiza yoyote. Shamte alikuwa mdogo wangu. Kila alipoleta nazi nilimsikia kwa mlio tangu anaingia mjini, nikamwekea chai. Nilitaka mlio ule mlangoni kwangu asubuhi. Basi.

Taufiki

---

Baleni
9 Agosti 2023

Mzee Damian, shikamoo.

Guta lilisimama sokoni kwa moshi, Jumanne akasema imenoki, sasa injini imerudi. Sudi kaishusha barazani, sisi wanawake tukaiburuta ndani juu ya jamvi. Iko jikoni. Nikikanyaga kiki haishuki, ngumu kama mwamba. Mpira mmoja umepasuka.

Eda yangu inaisha mwanzoni mwa mwezi ujao. Nataka siku hiyo nitoke naye. Watu wameshasikia. Wengine wananitumia ujumbe kwa Mwanahalima, mwambieni Biubwa asijitie aibu, mjane hutoka kwa utulivu. Nimewajibu nitatoka kwa utulivu, lakini kwa magurudumu mawili.

Taufiki aliandika jambo. Aliniambia niichome barua. Nimeichoma. Sikujua yuko hivyo. Lakini simwogopi zaidi wala simpendi zaidi.

Ina uhai au haina? Niambie ukweli, usinionee huruma.

Biubwa

---

Ndanda
18 Agosti 2023

Mwanangu Biubwa,

Kilindoni wanasema imenoki, mimi bado siamini. Injini ikijamu kwa joto, mara nyingine ikipoa inaachia. Fungua plagi. Mimina oili safi kidogo kwenye tundu lake. Iache ilale. Kisha shika kiki kwa mkono, si kwa mguu. Usiigombeze. Isukume kidogo, irudishe, kidogo, irudishe, kama unavyolegeza kifuo kilichokwama ardhini. Ikisogea upana wa ukucha, ina uhai. Isiposogea, mwanangu, hakuna cha kukuficha.

Nimekutumia mipira mipya miwili na vibano vyake, imo kwenye bahasha hii. Ule wenye alama nyekundu ni wa kurudisha oili, unafungwa juu. Itatoa moshi siku za mwanzo. Acha itoe.

Wanangu hawaniachii nisafiri. Ningekuja. Nakuomba kitu kimoja: siku hiyo ukimshika shingo, niandikie alivyokuwa. Usifupishe kama unavyofupisha mambo yako yote.

Damian

---

Baleni
11 Septemba 2023

Mzee Damian, shikamoo.

Sifupishi. Kaa.

Kiki ilisogea. Si siku ya kwanza wala ya pili. Nilikuwa naishika kila nikimaliza kusali, nasukuma, narudisha. Siku moja ikasogea upana wa ukucha. Nikapiga kigelegele peke yangu, Mwanahalima akaja mbio akidhani nimeharibikiwa akili.

Kufunga injini tulifunga hivi. Jumanne alikuja mwenyewe, hakuitwa, ana haya mpaka masikioni. Kuingia haiwezekani. Akakaa barazani na sisi ndani, pazia katikati. Anapaza sauti, "Dada Biubwa, bolti ndefu iko mbele?" Namwambia iko. "Umeikaza?" Nimeikaza. "Kaza tena." Namwambia Jumanne, mimi nafua nazi, nikikaza kitu kimekazika. Mwanahalima na Mwanaharusi wameinyanyua injini, mimi napachika, Mwanaharusi anasema, "Nikitoka hapa natafuta mume mwembamba, mgongo umekwisha." Mwisho Jumanne akauliza, "Kitambaa cha fremu umetoa?" Nikamwambia nimetoa.

Siku ya kutoka nikakoga, nikabadili nguo, nikasali. Nikamsukuma Kibiongo mpaka uani. Baleni nzima iko pale, wanajifanya wanapita. Nikakanyaga kiki. Akakohoa. Nikakanyaga tena, akawaka. Moshi mweusi, kuku wote juu ya paa. Watu wakapiga makofi.

Mimi nikamshika shingo.

Baridi. Nikangoja. Baridi. Watu wanasema nenda, Biubwa, nenda! Mkono wangu unasema baridi. Nikazima.

Bibi mmoja akasema, "Rudi ndani mwanangu, umejaribu." Nikamwambia, bibi, nimeshatoka, sirudi. Nikakaa chini vumbini na nguo zangu mpya nikafikiri. Kisha nikakumbuka. Matundu ni mawili. Niliziba kwa vitambaa viwili. Nimetoa kimoja.

Nikafungua kibano cha mpira wa alama nyekundu mbele ya watu wote. Kitambaa kilikuwa humo, kimejikunja kama panya. Kipande cha shuka yetu. Jumanne kasimama pembeni kashika kichwa. Sasa ile haya yake tunagawana.

Nikafunga. Nikajaza oili. Nikawasha. Nikashika.

Sasa sikiliza Mzee, hapa ndipo ulipotaka. Kwanza baridi ya chuma. Kisha si baridi. Kisha kama kikombe ambacho chai imekaa muda. Kisha kama shingo ya mtu. Miaka yote ya ndoa namwona Shamte akifanya hivi, nikawa nacheka. Nilisimama pale mkono umetulia mpaka Mwanahalima akasema, "Shoga, mnaondoka au mnalala?"

Nikapakia nazi, makapu mawili, nikaenda. Njia nzima wanaume wa bodaboda wanageuka. Mmoja kaniuliza, "Mama, hilo unaliweza?" Nikampita, hilo ndilo jibu.

Taufiki kasikia tangu naingia mjini. Nilipofika dukani alikuwa nje amesimama, na kikombe cha chai kiko juu ya kizingiti. Watu wanamtazama, wananitazama na mimi. Yeye ndiye aliyesema siku nikitoka ataingia kuchukua fremu. Nikamwambia fremu hii hapa, imetoka yenyewe, ichukue.

Akaja, akaweka mkono shingoni. Akautuliza pale pale alipokuwa anautuliza Shamte. Nadhani alikuwa anamwona mdogo wake akifanya hivyo mlangoni pa duka, miaka yote. Macho yake sikuyatazama, ni shemeji yangu.

Sikuzima. Nikanywa chai nikiwa juu ya Kibiongo. Ilipokwisha nikampa kikombe chake. Mkono bado uko shingoni.

Nikamwambia, "Shemeji, toa mkono. Unanicheleweshea nazi. Zako ni kesho."

Biubwa